Shingo Upande

Alikuja kwa shingo upande, kwa maana zote mbili:
kichwa kimelalia bega la kulia
na moyo haukutaka kuja.
Mkewe, Tsiala, ndiye aliyemsukuma mlangoni
kama mtu anayeingiza kabati.
Nje, mvua ya Kutaisi ilikuwa ikiuongezea mto Rioni matope.

Jumber Tsulaia, mwokaji mikate, miaka hamsini na tisa.
Mtaa mzima unaijua sababu.
Majirani: ni tanuri, miaka arobaini ya kuinamia
shimo la moto akibandika mikate ukutani.
Kasisi: ni unyenyekevu.
Sajenti wa jeshini, zamani: ni dharau.
Akamnyoosha kwa kofi,
na kichwa kikarudi begani kabla kofi halijapoa.

Sikuuliza kwa nini. Niliuliza tangu lini.
Hapo akanyamaza. Tsiala akafungua mkoba
akatoa albamu yenye harufu ya nondo na sabuni.
Harusini: kichwa bega la kulia, taji limeteleza.
Picha ya shule: watoto thelathini wima kama penseli
na mmoja kama alama ya kuuliza.
Miaka mitatu, juu ya farasi wa mbao: vilevile.
Tanuri lilikuwa bado halijamjua.

Nikaishika shingo. Nilitafuta ule msuli
unaokaza kama kamba ya hema. Haukuwapo.
Laini, kama unga wake wa alfajiri.
Nikaziba jicho la kushoto kwa kiganja,
nikasema: tutulie kidogo.
Na kichwa, taratibu, bila kuamrishwa,
kikainuka.
Tsiala akajishika mdomo.
Miaka thelathini na minne ya ndoa
hakuwahi kumwona mumewe akiwa wima.

"Basi si shingo," nikasema. "Shingo inatumwa tu."
Nikakilaza kichwa upande wa pili,
na jicho la kushoto likapanda
kama maziwa yanayochemka.
Msuli mmoja, mwembamba kuliko utambi,
ulizaliwa umechoka.
Bila kuinama angeona mama wawili,
vijiko viwili, miezi miwili juu ya paa moja.
Mtoto hakulalamika. Alitafuta pembe
ambayo dunia inakuwa moja,
akahamia huko na kichwa chake chote.

Wengine nimewaona: msichana anayetazama televisheni kwa shavu,
kwa kuwa macho yake hayaachi kucheza
ila akiyapeleka pembeni;
mzee anayeinua kidevu, wakamwita mwenye kiburi,
kumbe kope zimemshukia kama pazia;
mwashi aliyegeuza uso miaka sita
akilifuata sikio lililobaki.
Hakuna hata mmoja ambaye hakuwahi kutukanwa.

"Na kwa nini sasa?"
Akakunja mkono wa shati. Kovu jipya.
Alikuwa ameona midomo miwili ya tanuri
akakwepa ule usiokuwapo.

Nilikuwa nikimweleza juu ya upasuaji
Tsiala alipomvuta mjukuu kutoka nyuma ya koti lake.
Nutsa, miaka minne. Kichwa begani, kulia.
"Na huyu?" Sauti imekauka. "Ameurithi?"

Nikaziba jicho moja: kichwa kilibaki.
Nikaziba jingine: kilibaki.
Shingo laini, masikio mazima, macho yanakwenda pamoja
kama ng'ombe wawili wa nira moja.
Nikamlaza kichwa kushoto:
hakuna kilichopanda, ila kicheko.
Nikamwomba Jumber atoke kidogo.
Mlango ulipofungwa, Nutsa aliinua kichwa,
wima kama mshumaa,
akaniuliza babu ameenda wapi.

Babu aliporudi alisita kizingitini, amemwona.
Naye mtoto, kumpokea,
akakilaza tena.

Kwenye faili lake, mbele ya neno *chanzo*,
niliandika: babu.
Kisha nikafuta,
maana watu wa bima hawana namba ya neno hilo.